Begi na Bega

Kuna muuza mabegi mmoja wa Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, aliniuliza swali dogo ambalo sijaacha kulifikiria. Nilikuwa nimemweleza shida yangu. Nina lenzi ndefu ya kamera, milimita 600, ile inayomvuta ndege wa mbali mpaka unahesabu manyoya. Urefu wake unakaribia nusu mita, uzito wake kilo tano na ushee. Nimeinunua mkononi mwa mtu na imekuja bila kasha lake, kwa hiyo natafuta begi. Nikaanza kumpangia masharti: liwe na sponji nene, lisipitishe vumbi, lisipitishe mvua, zipu ziwe ngumu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema:

"Sawa kaka. Sasa nani atalibeba?"

Nikamjibu haraka, "Mimi." Lakini hapo nilikuwa nimesema nusu ya kweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonirudisha nyumbani bila begi na kunikalisha na vitabu vya wasafiri wa zamani kwa wiki kadhaa. Nilitaka kujua wenye kamera wa kwanza waliokuja huku kwetu walimjibu nini muuza mabegi wa wakati wao.

Tuanze na mahali niliposimama siku ile. Kariakoo ni Kiingereza kilichomezwa na Kiswahili: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakawaweka wapagazi wao kwenye eneo hilo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lile lile kwa sababu ile ile. Vita ya huku ilipiganwa mahali ambapo barabara za magari zilikuwa za kuhesabu, na mbung'o waliua punda, farasi na ng'ombe. Basi risasi, unga na dawa vikatembea juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa, wachache kwa risasi.

Kwa hiyo nilikwenda kununua chombo cha kubebea mzigo mahali palipopewa jina la wabeba mizigo, na nimekuwa nikipita hapo tangu nasoma shule ya msingi. Hata neno mtumba lina habari yake. Leo ni nguo au begi lililokwisha kutumika Ulaya. Zamani za misafara, mtumba lilikuwa robota la nguo lililofungwa vizuri, refu, la kutosha kubebwa na mpagazi mmoja. Na mpagazi mwenyewe anatokana na kupagaa, yaani kubeba mabegani. Kitenzi hicho hicho tunakitumia pepo akimpanda mtu: amepagawa. Mzigo na pepo, wote wanakaa juu ya mtu.

Kamera nazo zilipanda juu ya watu mapema sana. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Unguja wakiwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alikuja na kamera, na picha alizopiga Unguja ni miongoni mwa za mwanzo tulizonazo za kisiwa hicho. Siku hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa papo hapo, kikiwa bado kibichi. Kioo kikikauka kabla hujakisafisha, picha imepotea. Maana yake mpiga picha hakusafiri na kamera tu. Alisafiri na vioo, chupa za dawa, mabeseni, maji safi na kihema cha giza cha kufanyia kazi.

Walipoanza kuingia bara, Speke aliamua kamera irudishwe pwani. Ameeleza sababu katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1863: joto ndani ya kile kihema lingemuua Grant. Kuanzia hapo Grant akawa anachora kwa mkono.

Nilikirudia kisa hicho mara mbili. Uamuzi wenyewe siulaumu, maana rafiki yako anaiva ndani ya hema, utafanyaje. Kilichonishika ni namna hesabu ilivyopigwa. Kamera ilirudi kwa sababu ya mwili wa aliyeitumia. Mwili wa aliyebeba vioo na chupa haumo katika sababu hiyo, kwa kuwa uzito ulikuwa jambo lililokwisha kupata ufumbuzi. Ufumbuzi huo ulikuwa mtu.

Mtu huyo alikuwa na kipimo chake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 27 hadi 32, na juu yake kulikuwa na vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula. Wanyamwezi, walioufanya upagazi kuwa kazi ya kujivunia na kijana akarudi kwao akionekana ameiva, walipenda kubeba begani. Watu wa pwani walizoea kubeba kichwani, juu ya ngata, ile duara ya nguo au majani anayoiweka mama zetu chini ya ndoo mpaka leo. Ukitaka kuelewa begi la kisasa la kamera, anza na ngata. Ndiyo sponji ya kwanza. Na angalia upande iliowekwa: iko kati ya mzigo na mtu, kwa faida ya mtu.

Lenzi ndefu yenyewe ilikuja baadaye. Ukitaka kuvuta kitu cha mbali kwa lenzi ya kawaida unahitaji bomba refu, na kadiri unavyotaka kuvuta zaidi ndivyo bomba linavyorefuka. Mwaka 1891 Thomas Dallmeyer huko London, na Adolf Miethe na Adolph Steinheil huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walitoa ufumbuzi unaofanana: weka nyuma ya vioo vya mbele kundi la vioo vinavyotawanya mwanga, na bomba zima litakuwa fupi kuliko nguvu yake ya kuvuta. Hiyo ndiyo siri ya lenzi yangu hadi leo. Ni nzito, lakini bila akili ya wale watu ingekuwa ndefu zaidi.

Haikuchukua muda lenzi za namna hiyo zikafika kwetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alizipeleka nyika za Wamasai karibu na Kilimanjaro, na mwaka 1905 akatoa kitabu huko Leipzig, *Mit Blitzlicht und Büchse*, jina linaloweka pamoja mwako wa taa ya picha na bunduki. Usiku alitega kamera na unga wa kuwaka ili simba wajipige picha wenyewe, mchana akawavuta wanyama kwa lenzi ndefu. Kitabu kikapata sifa kubwa, kikatafsiriwa Kiingereza. Watu wa Ulaya waliozoea twiga wa makumbusho, aliyejazwa pamba, wakamwona twiga akiwa kwao. Yote yale, kamera, vioo, dawa na lenzi, yalifika nyikani kwa msafara wa wapagazi.

Viwanda vya Ulaya wakati huo vilikuwa vikitengeneza kamera maalumu za nchi za joto. Ukiziona leo kwenye makumbusho unatamani kuzigusa: mbao za msaji, kona za shaba, ngozi iliyochaguliwa ili wadudu waikimbie. Masanduku yake yalipigwa bati ndani. Kila adui wa kamera amewaziwa: jua, unyevu, mchwa, vumbi. Sasa litazame sanduku hilo kwa macho ya mtu anayetakiwa kutembea nalo kutwa. Lina pembe nne. Pembe haikai begani. Kwa nusu karne na zaidi ufundi ulienda kwenye kulinda kilichomo ndani ya sanduku, na aliye chini ya sanduku akajitengenezea ngata yake mwenyewe.

Magari yalipokuja mambo yakaanza kubadilika. Martin na Osa Johnson walikaa Marsabit kati ya 1924 na 1927, kando ya ziwa la volkano waliloliita Paradise, wakipiga picha na filamu za wanyama. Kati ya waliowafadhili alikuwa George Eastman mwenye Kodak, na mwaka 1926 alikuja Kenya kujionea mwenyewe. Wao tayari walikuwa na magari. Gari ndilo lililoanza kumpumzisha mpagazi. Halafu kamera nazo zikapungua. Leica ilitoka 1925, ukubwa wa kuingia mfuko wa koti, na mpiga picha wa gazeti akaanza kutembea peke yake mjini akiwa na vyombo vyake vyote mwilini.

Hapo ndipo lilipozaliwa begi la kamera tunalolijua. Miaka ya 1970 Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alibuni begi la turubai laini linalolala ubavuni badala ya kusukuma mbavu. Uingereza, Martin Billingham alikuwa akishona mabegi ya wavuvi wa samaki, akaja kugundua kuwa wapiga picha wanayanunua. Baadaye zikaja mikanda mipana yenye sponji, na mkanda wa kiunoni unaouhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine nikakosa: ngata ya mpagazi ilingoja kuingia kwenye begi la kamera mpaka mwenye kamera alipoanza kubeba mwenyewe.

Sasa niseme ile nusu ya kweli niliyomficha muuza mabegi.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikwenda Amani, Usambara Mashariki, kutafuta ndege wa msituni. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana wa miaka 22 aliyekuwa anangoja ajira. Lenzi nilikuwa nimeiweka kwenye kasha gumu la kuazima, la plastiki nzito, nikalifunga mkanda mmoja wa kupitisha begani. Kasha pamoja na lenzi na kamera lilikuwa kama kilo 12. Mimi nikabeba stendi ya miguu mitatu, maji na darubini. Yeye akabeba kasha, maana ni kijana, na maana mimi ni mjomba, na hakuna aliyesema lolote.

Njia za Amani zinapanda, na zikipata mvua zinateleza. Kila tulipopumzika nilimuuliza, "Haijagonga popote?" Anajibu, "Hapana mjomba." Tunaendelea. Kama saa mbili hivi za kupanda nikamwona amevua fulana yake ya juu, ameikunja duara, ameiweka kichwani na kupandisha kasha juu yake. Anatembea mbele yangu, mkono mmoja umeshika pembe ya kasha, mwingine unaning'inia, mgongo umenyooka, ukungu umeshuka kati ya miti. Nikaona ni picha nzuri. Nikatoa kamera ndogo, nikampiga kwa nyuma.

Tuliporudi nikaifungua kwenye kompyuta. Nimeziona picha kama hiyo nyingi mno, wewe msomaji wa vitabu vya zamani pia umeziona: mtu mweusi kwa nyuma, kasha kichwani, njia inapotelea kichakani. Chini yake huwa kuna maneno mawili matatu, na jina la mtu halimo. Nikagundua kitu kibaya zaidi. Kila nilipoisoma picha ya namna hiyo kitabuni, nilijiweka upande wa anayetembea mbele, kwa damu na kwa rangi. Safari hii mimi ndiye niliyesimama nyuma.

Nikampigia simu. "Kasha ulilipandisha kichwani kwa nini?"

"Mkanda ulikuwa umenichubua, mjomba."

"Mbona hukusema?"

Akacheka kidogo. "Si ulikuwa unauliza lenzi."

Basi. Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Siku ile nilimlipa nauli na chakula, nikajiona mjomba mkarimu.

Kuna sanamu mbili nazikumbuka kila nikiwaza habari hii. Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni ya askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwa maandishi tu, chini kwenye jiwe. Ile ya Nairobi, ya 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Vita moja, ushindi mmoja, lakini mji mmoja umempa mpagazi mwili wa shaba na mwingine umempa maneno. Hata hivyo watu wa Dar walimpa kikubwa kuliko sanamu: soko. Kila siku maelfu wanasema "naenda Kariakoo". Tatizo ni kwamba hatusikii tunachosema.

Nilirudi Mtaa wa Kongo Jumamosi moja, safari hii na mpwa wangu. Nilikuwa nimejifunza mawili matatu kuhusu mabegi ya lenzi kubwa, nayatoa hapa kwa mwenye shida kama yangu.

Kasha gumu ni zuri ndani ya buti la gari au unapotuma mzigo. Kwa miguu ni adhabu. Hata kwenye ndege ndogo za kwenda Serengeti au Mara linakusumbua, kwa kuwa wanataka mabegi laini, na mara nyingi mzigo wako wote, ule wa mkononi ukiwemo, usizidi kilo 15. Kuna mifuko mirefu ya duara inayovaliwa begani kama podo la mishale. Hiyo inafaa kama unatoka kwenye gari, unatembea dakika kumi, unarudi. Ukiendelea zaidi ya hapo, uzito wote unaning'inia upande mmoja na kesho yake shingo haigeuki. Kwa mwendo wa kweli ni begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, na mgongo wa begi ulingane na mgongo wa mtu. Pima lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera kabisa, maana ndege hakungoji uunganishe. Mvua, nunua kifuniko cha turubai chepesi. Usitegemee mifuko ya nailoni, imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019. Na ukifika nyumbani toa lenzi nje ya begi. Hewa ya pwani ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa gizani inaota ukungu ndani ya vioo, wala hutaufuta kwa kitambaa.

Yote haya yanahusu lenzi. La bega tulilifanya hivi. Tulinunua unga wa sembe kilo saba kwenye duka la jirani, pakiti ya tano na pakiti ya mbili, ambao ndio uzito wa lenzi na kamera pamoja. Muuza mabegi akatuangalia kama tumepagawa. Tukatia unga kwenye begi la kwanza, mpwa wangu akalivaa, akatembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, katikati ya mikokoteni na wapita njia. Kisha mimi. La kwanza, jipya linalong'aa, lilikuwa na sponji kila mahali isipokuwa kwenye mikanda. La pili lilikuwa fupi, likatuvuta nyuma. La tatu halikuwa la kamera kabisa. Ni begi la kupandia milima, mtumba, limefifia rangi, mkanda wa kiunoni mpana kama kiganja.

"Hili," akasema mpwa wangu. "Hili hulisikii."

Nilikuwa nimelipenda lile jipya, na niseme ukweli, nilinyamaza kidogo. Halafu nikalipia la mtumba. Fundi cherehani wa uchochoroni akatukatia sponji ya godoro, akaishonea ndani mfuko wa lenzi kwa kipimo. Njiani tukapatana masharti. Safari ijayo ana posho yake ya siku, inayotajwa kabla ya kuondoka, si baada. Kupanda anabeba yeye, kushuka nabeba mimi. Na picha nitakayompiga nitampiga kwa mbele, akikubali.

Unga tuliupeleka kwa dada. Ile pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepasuka pembeni. Akauliza imefanyaje, mwanawe akamjibu, "Imetoka safari, mama." Akaipokea, akaweka maji jikoni.